Mbwa Chini ya Meza

Mabibi na mabwana, wenye migahawa na baa, wahudumu mliokuja hapa moja kwa moja kutoka zamu, ndugu zangu wenye mbwa, na ninyi msiopenda mbwa kabisa lakini mmekuja, hasa ninyi: hamjambo.

Wahenga walisema mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na kila ikitajwa lawama humwangukia mbwa. Hebu isikilizeni tena. Anayesemwa pale ni mcheza. Mbwa alikuwa anamfuata tu mtu aliyemzoea. Hakusoma kibao mlangoni, wala hajui zulia limetandikwa kwa ajili ya nini. Wa kujua pa kuishia alikuwa yule mwenye miguu miwili.

Nimeombwa niseme kuhusu mbwa kwenye meza za nje za migahawa na baa: barazani, bustanini, kwenye kumbi zisizo na kuta. Mada ndogo, utasema. Lakini nimeshaona marafiki wa miaka wakinuniana kwa mada hii, na nimeshaona meza ikivunjika kwa mada hii. Aliyemfunga mbwa kwenye meza ile ni mimi.

Bosko alikuwa na umri wa miaka 2, kilo 30 na ushei. Nilikaa mahali pa nje, nikapitisha kamba yake kwenye mguu wa meza, nikajiona mjanja: mikono yote huru, kikombe huku, simu huku. Meza yenyewe ya chuma, nyepesi, ya aina ile inayoyumba ukiiegemea. Paka akakatiza. Mimi sikumwona, Bosko alimwona. Nilichokiona ni kikombe changu kikiondoka. Meza ikaanguka ubavu, na kuanzia hapo mbwa akawa na kitu kinachomkimbiza, maana kila akipiga hatua na yenyewe inamjia nyuma, chuma juu ya saruji, kriii. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo meza ilivyomfukuza. Akapita katikati ya wateja. Glasi chini. Mtoto analia. Mama mmoja kashapanda kiti, gauni kalikusanya mkononi. Nilipomkamata alikuwa anatetemeka mwili mzima na amejikojolea.

Nililipa vyombo, nikaomba radhi meza kwa meza. Mwenye mgahawa hakunitukana. Alinitazama, akamtazama Bosko, akasema, "Kaka, huyu hakuwa tayari." Nilikuwa nimejiandaa kujibu mtu atakayemwita mbwa wangu mkorofi. Kwa neno lile sikuwa na jibu. Hakuwa tayari, na wa kulijua hilo kabla hatujatoka nyumbani nilikuwa mimi.

Tuanzie hapo basi, kwenye swali ambalo wengi wetu huliruka: mbwa mwenyewe anataka kwenda? Tunasema "nimemtoa mbwa kidogo" kama vile yeye ndiye aliyeomba. Chuchumaa siku moja kwenye baraza la mgahawa uliojaa, macho yako yafike usawa wa magoti ya watu, utazame. Ni msitu wa miguu. Viti vinaburutwa. Trei inadondoka mahali, watu wanacheka ghafla, mkono usioujua unashuka kutoka juu kukugusa kichwa. Sisi masikio yetu yanaishia kwenye sauti ya mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Ya mbwa yanafika zaidi ya 45,000. Ule mlio wa kiti cha chuma unaokukera wewe, yeye unampata na nyongeza ambazo hutazisikia maisha yako yote. Wapo mbwa wanaoyapenda haya yote, wanalala kwenye zogo kama mlevi harusini. Wapo wengine ambao kuwapeleka huko ni kuwaadhibu, na kwa hao jambo la upendo ni kuwaacha nyumbani na kitu cha kutafuna. Sioni aibu yoyote katika hilo. Aibu ninaiona kwa mtu anayemburuta mbwa mwenye hofu ili apige naye picha.

Na atakuambia, ukimsikiliza. Mbwa husema mapema, tena kwa adabu. Analamba midomo na hakuna chakula. Anapiga miayo na hana usingizi. Anageuza uso pembeni mtu anapomwinamia, na weupe wa jicho unatokeza kama mwezi mchanga. Masikio yanarudi nyuma, mkia anaufyata. Anajikung'uta kama aliyetoka kuoga, na mwili mkavu. Hizo zote ni "samahani, naomba nipishwe". Usipomjibu hapo, ataganda: mwili unakakamaa, mdomo unafungwa, hata kuhema kunasimama. Mbwa akiganda umebakiwa na muda mfupi sana. Kunguruma ni neno la mwisho la uungwana. Nawaomba, na hapa nasema kwa mkazo, msimpige mbwa kwa kunguruma. Ukimchapa kwa hilo umemfundisha kunyamaza, hujamfundisha kutulia. Siku nyingine atang'ata bila hodi, halafu utasema amebadilika ghafla.

Mkia unaotikisika nao si kicheko. Mkia uliosimama wima, mgumu, unaotikisika kidogo kidogo na kwa kasi, ni wa mbwa aliyepandwa na jambo. Na ile methali nyingine, ya mbwa abwekaye hang'ati, msiitegemee mkiwa mmevaa kaptura.

Sasa, utayari huo unapatikanaje? Kwa mkeka. Tafuta mkeka mdogo, au hata kitambaa kizito, uwe wake. Utandike karibu na miguu yako wakati unakula nyumbani kwako. Akikanyaga, mdondoshee kipande cha kitu anachokipenda, katikati ya miguu yake ya mbele, bila maneno mengi. Akilala, mwongezee. Leo dakika 2, kesho 5. Usimwite, usimshangilie, maana ukimshangilia atasimama aje kukulamba, na unachomfundisha ni kukaa bila shughuli. Akishaweza dakika 20 wewe ukiwa unakula, uhamishie mkeka nje ya mlango. Kisha kwenye benchi mahali watu wanapopita kwa mbali. Halafu, siku ya katikati ya wiki, saa ambazo mgahawa umepoa, nenda uagize kinywaji kimoja. Dakika 10, ondoka. Ondoka wakati bado ametulia. Ukingoja mpaka achoke, safari yote ataikumbuka kwa ule uchovu. Mimi na Bosko ilituchukua miezi 4 baada ya ile meza. Mkeka una siri yake: unanuka nyumbani. Popote unapoutandika, kipande kidogo cha sakafu ya ugenini kinakuwa chake.

Watoto wa mbwa ambao hawajamaliza chanjo zao, wasubiri. Sakafu inayopitiwa na mbwa wa kila aina inaweza kubeba virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kuhara kwa mbwa, navyo huishi mahali kwa miezi mingi. Ukitaka azoee sauti za watu, mbebe, akae mapajani kwenye benchi lako mwenyewe. Kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa sitasema mengi, kwa kuwa sioni cha kujadili. Binadamu wanaoambukizwa ugonjwa huu, hadi asilimia 99 wanaupata kwa mbwa, na dalili zikishatokea karibu kila mgonjwa hufa. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga chanjo mvulana Joseph Meister aliyeng'atwa na mbwa, dunia inajua kuwa unazuilika. Mbwa asiye na chanjo hiyo hana shughuli mahali watu wanapokula. Na kupe na viroboto vivyo hivyo: usihamishie shamba lako kwenye soksi za jirani.

Siku ya kwenda, mtembeze kwanza, tena matembezi ya pua, si ya miguu tu. Mwache anuse kila mti anaoutaka. Mbwa aliyenusa nusu saa amechoka kichwani, na huyo ndiye anayelala. Hakikisha amejisaidia huko huko, na wewe uwe na mifuko ya kutosha. Mfuko mmoja ni imani, miwili ni maandalizi. Kisha tazama jua. Mbwa hatoki jasho kama sisi, vinyweleo vyake vya jasho viko zaidi kwenye nyayo, na njia yake kubwa ya kujipooza ni kutweta. Wale wenye nyuso bapa, kina buldogi na pagi, hata kutweta kwenyewe kunawashinda. Weka mgongo wa kiganja chako sakafuni kwa sekunde 7. Ukishindwa wewe, usimlaze yeye hapo, kivuli cha mwavuli kiwepo au kisiwepo, kwa sababu kivuli huhama na meza yako haihami.

Mkifika, chagua pembeni. Meza ya ukutani, ya kona, iliyo mbali na mlango wa jikoni na mbali na njia ya kwenda msalani. Kamba iwe ya kawaida, ya mita moja na nusu au mbili. Zile kamba za kujivuta zenyewe kutoka kwenye kishikio cha plastiki ziacheni kwa uwanja mpana: uzi wake mwembamba unakata ngozi, na kwenye miguu ya viti unajisokota kama nyavu. Na usiifunge kwenye samani yoyote. Mimi huikalia, ninaipitisha chini ya paja na kishikio kinabaki kwenye kiganja. Akivuta, nitajua kabla ya kikombe kujua.

Wahudumu, hapa nawasemea ninyi. Ndugu yangu mwenye mbwa, mtu anayebeba trei ya supu haoni miguu yake mwenyewe. Mbwa wako amelala vizuri, kweli, ila mkia umetokeza njiani kwa shibiri moja. Mhudumu anakanyaga, mbwa anaruka, supu inamwagika shingoni mwa mteja ambaye hakuwa hata na habari kwamba kuna mbwa. Nani mwenye kosa? Chukua kiatu chako, sogeza ule mkia. Ni kazi ya sekunde moja, na unaifanya kila baada ya dakika chache, jioni nzima. Ukiona ni usumbufu, mwache nyumbani.

Sheria zinatofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo simu moja kabla ya kutoka haidhuru. Lakini ukizisoma nyingi unaona zote zina hofu moja: kilicho kwa mbwa kisifike kwenye sahani. Kanuni ya Ulaya namba 852 ya mwaka 2004 inataka wanyama wa kufugwa wasifike panapoandaliwa na kuhifadhiwa chakula. Marekani, mwongozo wa chakula wa FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, ulikuja kuwakubali mbwa kwenye maeneo ya nje ya kulia katika toleo la mwaka 2022, pale mamlaka ya mahali hapo inaporidhia. California walitangulia, sheria yao imeanza kazi Januari 2015, nami nikiisoma naona kama imeandikwa na mtu aliyewahi kubeba trei. Mbwa aingie kwa mlango wa nje, asikatize ndani. Awe na kamba au awe kwenye kikapu chake. Asipande kiti wala benchi. Chakula na maji yake viwe kwenye vyombo vya kutupa. Mfanyakazi akiwa kazini asimshike, na akimshika akanawe mikono.

Hilo la mwisho linawaumiza wengi. Mteja anamwambia mhudumu, "Mshike, mshike tu, anapenda!" Mhudumu anataka, naye ana mbwa wake nyumbani, lakini mkono ule ule ndio utakaoweka mkate mezani pa mtu mwingine. Usimtie majaribuni. Na sahani ya mgahawa usimpe mbwa ailambe, hata kama "wataosha". Anayekaa meza ya tatu ameshakuona, na kuanzia sasa anaitazama sahani yake. Beba bakuli lako la kukunja. Lile la maji linalowekwa mlangoni kwa mbwa wote ni wema wa mwenye mgahawa, sikatai, ila kikohozi cha kuambukiza kinapita hapo pia.

Chini ya meza kuna ulimwengu wake. Kuna mifupa iliyopikwa, inayopasuka vipande vikali na kuchoma utumbo. Kuna kitunguu, kibichi au kilichopikwa, kinachoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kuna zabibu, mbichi na kavu, zinazoweza kuua figo, na chokoleti yenye theobromini, kemikali ambayo mwili wa mbwa huitoa polepole mno. Lakini kinachonitisha mimi ni mkoba. Mkoba wa mgeni wako, umewekwa sakafuni, zipu wazi, ndani yake chingamu isiyo na sukari. Nyingi hutiwa utamu wa zailitoli. Kwa binadamu haina neno. Kwa mbwa, kongosho linadanganyika kwamba sukari imeingia, linamwaga insulini, na sukari ya damu inaporomoka, mara nyingine ndani ya nusu saa tu. Mkoba ukae kitini. Mbwa ndiye asiyekaa kitini.

Na bia. Kila baa ina mtu mmoja anayeona kumnywesha mbwa bia ni kichekesho. Mwili ule ni mdogo, pombe inamlevya haraka na inamshusha joto na pumzi. Na hopsi zenyewe, zile zinazotia bia uchungu, zinaweza kumpandisha joto hadi kufa. Glasi iliyowekwa chini kando ya kiti ni yake, mjue hivyo.

Nije kwa wale niliowasalimu mahususi. Kuna maneno mawili ambayo kila mwenye mbwa ameyasema, nami nimeyasema mara mia: "Usiogope, haumi." Tukiyasema tunadhani tunatuliza. Anayesikia ana kovu la mguu tangu utotoni, na anachosikia ni kwamba hofu yake ni upuuzi. Mwingine haogopi chochote, ila mate ya mbwa yakimgusa nguo haswali mpaka atwaharike. Mwingine ana pumu. Mwingine hapendi tu, naye amelipia chakula chake kama wewe. Hakuna hata mmoja kati yao anayedaiwa maelezo. Ukiona mtu amesogeza miguu, fupisha kamba. Ukiona amesogeza kiti, hama meza wewe. Mtoto akija mbio mikono mbele, simama katikati yake na mbwa, kwa tabasamu, umwambie, "Leo amepumzika, mpungie mkono." Mzazi akinuna, na anune.

Halafu kuna mbwa ambao wako kazini. Shule ya kwanza ya kuwafundisha mbwa kuongoza wasioona ilifunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani. Mbwa hao hufundishwa kwa miezi mingi, na mbwa wako mchangamfu anaweza kumharibia mmoja wao kazi kwa sekunde chache akimrukia. Anayeongozwa naye hawezi hata kuona kinachotokea. Mpishe njia. Na huyu anayemvisha mbwa wake fulana ya bandia aandikiwe "mbwa wa kazi" ili aingie naye popote, yeye nitamsema bila kumung'unya: anamwibia kipofu. Kila akileta vurugu, kipofu wa kesho ndiye anayesimamishwa mlangoni na kuhojiwa.

Wenye biashara, nanyi msituachie kubahatisha. Andikeni masharti mahali yanaposomeka kabla mtu hajakaa. Tengeni upande mmoja wa mbwa ili anayetaka kuwakwepa ajue pa kwenda. Pigilieni pete chache imara ukutani za kufungia kamba. Ukuta haukimbii na mbwa. Na wapeni wahudumu wenu ruhusa ya kusema, pamoja na maneno ya kusemea. Nimewahi kumsikia mmoja akimwambia mteja ambaye mbwa wake alikuwa amebweka robo saa, "Naona mwenzio amechoka, nikuletee bili?" Mteja hakuona kafukuzwa. Alishukuru. Alikuwa anatafuta njia ya kuondoka tangu zamani, aibu ilimkalisha.

Bosko sasa ana miaka 9, pua imeota mvi. Wiki iliyopita tulikaa nje mahali, yeye kwenye mkeka wake ulioliwa pembe moja. Dakika 35 hakuna aliyejua kuna mbwa pale. Kisha akasimama, akapiga miayo, akatazama geti. Chakula changu ndio kwanza kimewekwa mezani, mvuke unatoka. Nikamwita mhudumu anifungie. Akaniuliza kama kuna kasoro yoyote kwenye chakula. Nikamwambia hakuna, bosi kasimama.

Asanteni.